Kofia Kwenye Mkono wa Swichi

Kambi ya mkonge, njia ya Muheza,
Tanga.
Jumapili, baada ya Idi.

Kwa mke wangu Mwanakhamis, mama wa Rahma,

Assalaam aleikum warahmatullah wabarakatuh.

Mimi ni mzima. Neno hili tunaliandika katika kila barua bila kulifikiria, lakini leo nakuomba ulisome polepole. Mzima ni asiyeumwa, na mzima ni asiyepungukiwa na kitu. Mimi ni mzima kwa maana zote mbili. Vidole vya mkono wa kulia vimeshika kalamu, vya kushoto vimeikandamiza karatasi isipeperuke, na ukifika mwisho wa barua utajua kwa nini nimeanza hivi.

Nawe hujambo? Jino lile limetulia, au bado unalibembeleza kwa karafuu? Mama magoti yanamruhusu kuinuka bila kushikwa? Rahma mwambie baba yake ameliona jina lake aliloliandika pembeni mwa barua yako. Ile herufi ya tatu imegeukia nyuma, lakini jina linasomeka, na nimelionyesha kwa watu. Paa la jikoni usilingoje mimi. Mwambie kaka yako Shaame alitazame kabla mvua haijashika, maana mikono anayo na muda wa kutembeza habari pia anao.

Na hapo ndipo penyewe. Barua yako imenifikia juzi, na katikati yake, baada ya habari za shamba na za jirani aliyefiwa, umeandika hivi: "Shaame kasema kakukuta Ngamiani kichwa wazi, mchana wa Ramadhani, kama mvulana. Kama kofia yangu imekuchosha, sema. Na kama yuko aliyekushonea nyingine, sema pia, nijue." Nilicheka mara ya kwanza. Nilipoisoma mara ya pili sikucheka, kwa sababu nakumbuka ile kofia ulivyoishona. Ilikuwa wakati uzi haupatikani dukani Wete wala Chake, ukafumua foronya ya harusi yetu, ile yenye maua ya zafarani, ukapata uzi wa kutosha kichwa kimoja. Mtu aliyeshonewa hivyo akaonekana mjini kichwa wazi, mkewe ana haki ya kuuliza.

Shaame hakusema uongo. Nilikuwa kichwa wazi kweli. Ila aliondoka na nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo hii ninayokuandikia.

Kazi yangu sijawahi kukueleza ilivyo hasa. Nilikwambia ni msaidizi wa fundi wa mitambo, ukaniandikia kwamba basi ni kazi ya kivulini, alhamdulillahi. Kivuli kipo. Lakini chini ya kivuli hicho ipo korona. Korona ni mashine inayokamua majani ya mkonge. Jani linaingia upande mmoja likiwa bichi, nene kama ubavu wa ng'ombe, linapita chini ya ngoma mbili za chuma zenye visu butu zinazozunguka kwa kasi, maji yanamwagika juu yake, na upande wa pili zinatoka singa, nyuzi tupu, nyeupe, ndizo zinazoanikwa na kufungwa marobota. Ukiwa mbali barabarani unaisikia inavyonguruma kabla hujaliona bati la kiwanda. Jani na mkono kwake ni mamoja. Kazi yangu mimi ni kuingia ndani yake inaposimama, kunasua singa zilizojisokota, kupaka grisi na kubadilisha visu vilivyolika.

Miaka ile ya foleni, wakati ninyi huko mkifulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, korona nayo ilikuwa na njaa yake. Vipuri havikuja. Kifuniko cha ngoma kilipoliwa na kutu kilitupwa, hakikuletwa kingine. Kengele iliyokuwa ikilia kabla ya mashine kuwashwa ilikufa, na ikawa basi. Watu wakaifanya midomo yao kuwa kengele. Anayetaka kuingia anapaza sauti, "Funga!" Aliye kwenye swichi anaizima, anajibu, "Imefungwa!" Nawe unaingia. Nililikuta neno hilo nilipofika, nikalichukua kama nilivyochukua buti na spana. Siku kelele zikiwa nyingi mtu alikuwa anauliza tu, "Imefungwa?" na akisikia "Imefungwa" inatosha.

Sasa, mwaka jana shamba limepata wenyewe wapya, na meneja mpya, Bwana Nassor, mtu wa Pangani, wa zile familia za Kiarabu zilizokuwa na minazi. Si mkali wa sauti, lakini hapendi kuona kitu kimesimama. Na kwa kuwa siku hizi milango ya biashara imefunguliwa, mambo yameanza kuja. Lori linakwenda Mombasa, linarudi kupitia Horohoro mpakani na mikanda, na grisi ya kopo lililozibwa, na sabuni za kila rangi madukani hadi mtu unashindwa uchague ipi. Katika mzigo mmoja ikaja swichi mpya ya korona. Ile ya zamani ilikuwa inatoa cheche, tulikuwa tukiiwasha kwa kipande cha ubao.

Kuifunga swichi hiyo aliitwa fundi umeme kutoka Ngamiani, Tanga mjini, Mdigo mmoja anaitwa Mbwana, mtu wa maneno mengi na mikono misafi. Ilikuwa siku ya kwanza kukutana naye. Korona ilisimama kwa ajili yake, nami nikaona ndiyo nafasi yangu ya kubadilisha visu vya ngoma ya pili. Yeye alikuwa upande wake wa ukuta, mimi upande wangu. Hatukuonana.

Nilipokwisha kupanga spana zangu, nikapaza sauti kama siku zote.

"Imefungwa?"

Naye akajibu kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi yake vizuri, "Imefungwa, tayari!"

Mama Rahma, wewe unalijua neno hili lilivyo. Mimi niliuliza kama korona imefungwa, yaani imezimwa. Yeye, mtu wa mjini asiyejua desturi ya kiwandani, alisikia naulizia swichi, kama imefungwa, yaani imetiwa mahali pake na kukazwa. Korona ni "imefungwa", swichi ni "imefungwa", Kiswahili hakikututenganisha. Wote wawili tulisema kweli. Nikaingia kichwa na mabega kati ya ngoma, na yeye akaweka mkono kwenye swichi yake mpya aijaribu.

Nilipoinama, kofia ilinitoka. Ikadondokea nyuma yangu, kwenye zile kamba zinazobeba majani, na pale pana utomvu wa mkonge uliolala wa wiki nzima, maji ya kijani yanayowasha ngozi na hayatoki nguoni. Nilifikiria uzi wa foronya. Wallahi sikufikiria kitu kingine. Niliiacha spana imekaa kwenye nati, nikarudi nyuma kuiokota kofia kabla haijalowa.

Nilikuwa nimeishika mkononi ngoma ilipozunguka.

Spana ilitoka pale nilipokuwa mimi, ikapita kwenye bati la paa, ikaacha tundu ambalo mpaka leo jua linapita na kuchora duara sakafuni. Hatukuiona tena. Nilibaki nimechuchumaa, kofia kifuani, na doa la utomvu upande mmoja. Mbwana alizima, akaja mbio kuzunguka ukuta, akanikuta vile. Aliketi chini kwenye maji pale pale na suruali yake safi, akanishika mguu, akaupapasa, kisha akaushika wa pili. Usiku ule niliifungua shajara yangu, unajua nilivyo, siwezi kulala bila kuandika siku ilivyokwenda. Niliandika: "Spana moja imepotea." 

Nimekuandikia habari hii sasa, mambo yalipokwisha kuwa salama, kwa makusudi. Ningeiandika wiki ile ungepanda chombo na mtoto mgongoni uje unichukue. Basi ukisikia moyo unakwenda mbio, rudi juu usome mstari wa kwanza.

Kesho yake tuliitwa ofisini, mimi, Mbwana, na Mzee Mhina. Mzee Mhina ni Mbondei, ndiye mnyapara wetu, amezeekea hapa. Mkono wake wa kushoto umebaki na kidole gumba na cha shahada tu. Kwa utani hajambo. Tangu nifike ananiambia Wapemba tunafuga majini kama wao wanavyofuga kuku, na nikimwamkia shikamoo anaitikia marahaba, kisha ananiuliza jini langu limeamkaje.

Siku ile hakutania. Desturi ya kiwandani tuliijua sote. Mtu akiumia, au nusura aumie mbele ya mkubwa, hutafutwa mtu wa kufukuzwa. Anafukuzwa, mashine inawashwa, na waliobaki wanajifunza kufumba midomo. Bwana Nassor alikuwa amekwisha kuandaa hukumu. Mbwana aondoke bila malipo, na ipelekwe habari mjini asipewe kazi tena kiwanda chochote. Kilichobaki ni mimi niseme.

"Nani aliyewasha?" akaniuliza.

Nilimtazama Mbwana. Ana mama kipofu na wadogo zake, wote wanamtegemea yeye, aliniambia jana yake tulipokuwa tumekaa kwenye maji. Ningesema "ni huyu" nisingekuwa nimesema uongo. Na nilikuwa na hasira, sikufichi. Lakini mimi ndiye niliyeuliza lile swali, na yeye alilijibu sawasawa.

Nikasema, "Bwana, mkono ni wake. Lakini kilichowasha ni neno." Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Faki, neno siwezi kulifukuza kazi."

Mzee Mhina akasogea mezani. Akauweka mkono wake wa kushoto juu ya meza, taratibu, kama mtu anayeweka kitu alichokuja kukionyesha.

"Kwa nini usiweze?" akasema. "Kwa hivi vidole walifukuzwa watu wawili, bwana. Kila meneja aliyepita aliniuliza nani. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza vipi."

Bwana Nassor aliutazama ule mkono. Nadhani alikuwa akiuona kila siku, lakini kama sehemu ya kiwanda. Akavua miwani, akauliza, "Vipi, Mzee Mhina?"

Mzee akamweleza. Na neno lilikuwa lile lile, Mwanakhamis. Wakati ule kengele ndiyo kwanza imekufa, mtu mmoja alisema amefunga, akimaanisha amekaza mkanda, si amezima mashine.

Mbwana hakufukuzwa. Jioni tulikusanywa wote kwenye banda la brashi, panaposuguliwa singa kavu kwa mashine, wanaume wa korona na wanawake wanaoanika singa, na Bwana Nassor akasema aliye na jambo alilonusurika, hata dogo, hata la aibu, alitoe, na halitamgharimu kazi. Watu walitazama miguu yao. Walimwona ni mwindaji anayemwaga mtama. Mwisho akasimama mwanamke mmoja, mke wa dereva wetu wa lori, akasema kanga yake mpya ilinaswa na ile nondo inayozungusha brashi, akaiachia mwilini ikaenda yenyewe, yeye akabaki na gauni.

Mumewe akageuka. "Si uliniambia imeibwa kambani?"

"Imeibwa," akasema mkewe. "Mwizi ndiye huyo hapo, anazunguka."

Banda zima likacheka, hata meneja, na baada ya hapo midomo ikafunguka. Nilishangaa. Kumbe kila mmoja wetu alikuwa na siku yake ameificha, na tulikuwa tunalala kambi moja. Ile nondo ilizibwa kwa ubao wiki ile ile. Dereva alinunua kanga nyingine, analalamika mpaka leo.

Neno nalo lilifukuzwa. Kiwandani kwetu sasa hakifungwi kitu. Korona inazimwa, swichi inatiwa, robota linakazwa. Ramadhani ilipoingia ilikuwa balaa. Ukimwuliza mtu kama amefunga anakujibu, "Neno hilo halina kazi hapa, yakhe, niulize kama nimekula."

Lakini maneno ni maneno, na kelele za korona ni kubwa. Kengele mpya iliagizwa, na kufuli pia, za kufungia, samahani, za kukazia mkono wa swichi, kila mtu na yake. Mambo ya Horohoro yana siku zake, hazijafika. Tulikuwa tumesimama mbele ya swichi tukijadili tufanye nini kwa sasa, na Mbwana, ambaye Bwana Nassor alikwisha kumwajiri awe mtu wa swichi moja kwa moja, akasema kwa mzaha, "Mtundikieni Mpemba kofia yake hapa. Yakhe hawezi kwenda mbali bila kofia." Watu wakacheka. Mimi nikaivua, nikaivisha kwenye mkono wa swichi. Ilikaa kama imepimwa. Ukitaka kuwasha, sharti kwanza uiondoe, na ukiiondoa umeniona.

Hatukuondoka na wazo jingine. Tangu siku ile anayeingia korona anaacha pale kitu chake cha kichwani. Mzee Mhina anatundika pama lake la ukindu. Kijana mmoja wa Kishambaa ana kofia ya mitumba yenye maandishi ya nchi za watu. Mwanamke akiingia kufagia chini ya kamba anaacha mtandio. Na sharti ni moja, aliyeweka ndiye anayeondoa, kwa mkono wake, akionekana na watu. Yangu mwanzoni waliiogopa zaidi, Mzee Mhina akiwaambia ina jini ndani. Sikumkanusha.

Sasa tunafika Ngamiani.

Unakumbuka nilikutumia mzigo wa Idi, kitambaa cha Rahma, sabuni na kile kikopo cha maziwa. Nilikuwa nimeahidiana na Shaame anikute sokoni, ashike mzigo arudi nao Pemba. Asubuhi ile niliingia korona mapema kunasua singa, nikatundika kofia, nikafanya kazi, nikamaliza. Lori la kupeleka marobota bandarini lilikuwa linapiga honi upande wa nyuma. Nikatokea upande huo huo, nikauchukua mzigo wako kambini, nikadandia. Kichwa changu kilikuwa kwenye mzigo. Kofia haikunijia kabisa, na simu ya ofisini imekufa tangu masika yaliyopita, hata wangetaka kunitafuta mjini wasingeweza.

Nimefika sokoni, nimempa Shaame mkono, jambo la kwanza ananiambia, "Shemeji, kofia ya dada umemvisha nani?"

Nikapeleka mkono kichwani. Mwanakhamis, ile baridi niliyoisikia pale, jua la Ngamiani saa sita mchana, sijui nikufananishie na nini. Ndugu yako alinitazama nimebadilika uso, akadhani amenifumania. Sikukaa kumweleza. Nilimsukumia mzigo, nikakimbia kumtafuta dereva. Ndiyo sababu hakuwa na la kukueleza ila kichwa wazi na mtu anayekimbia. Katika hilo simlaumu, ningekuwa yeye ningesema mabaya zaidi.

Lori lilichelewa bandarini. Tuliporudi alasiri ilikuwa imekwisha. Kuna kona moja kabla ya shamba, ukiikata lazima uisikie korona. Tulikata kona, tukasikia ndege wakilia mitini. Dereva alipunguza mwendo. Kwetu korona ikinyamaza mchana, watu huanza kuhesabu watu wao. Mke wake yuko brashi. Akasema, "Innalillahi," taratibu, wala hakuongeza mwendo, kama anayeogopa kufika. Mimi nilijua ni nini na nikaogopa vile vile, kwa sababu hujui. Huenda wamengoja, huenda wamechoka wakaiondoa na mwingine akawa ndani.

Tukaingia. Watu wote wamekaa chini, wamefunga, midomo imekauka, wanawake upande wa singa, wanaume kwenye ukuta. Bwana Nassor ameketi juu ya robota, koti magotini. Mbwana amesimama mbele ya swichi, mikono nyuma. Na kofia yangu iko pale pale, doa la utomvu limetazama mlangoni.

Waliponiona nashuka kwenye lori, mwanamke mmoja akaanza kulia. Mzee Mhina alinijia na ule mkono wake, nikadhani ananipiga. Alinipapasa kichwa.

"Mpemba, laana," akasema. "Tumekutafuta hadi kwenye shimo la maji machafu. Tumelichokonoa kwa miti."

Yaliyotokea nilisimuliwa kidogo kidogo, kila mtu na kipande chake. Waliita jina langu, sikujibu. Walimulika ndani ya ngoma, chini ya kamba, kwenye mfereji. Sikuwamo, na kila mtu aliona kwamba simo. Majani yalikuwa yamerundikana nje yanaanza kunyauka, na jani likinyauka haliwi singa nzuri tena. Bwana Nassor alivumilia, akatembea, akavumilia tena. Mwisho akasema, "Hayumo, mmeona wenyewe. Washeni," akanyoosha mkono aiondoe kofia yeye mwenyewe.

Mbwana akasimama kati ya mkono wa meneja na swichi. Mtu yule yule, Mwanakhamis, ambaye wiki chache nyuma riziki yake ilikuwa inaning'inia kwenye ulimi wangu.

"Bwana, hiyo si kofia," akasema. "Huyo ni Faki."

 Kisha Bwana Nassor akaurudisha mkono wake, akaketi juu ya robota mpaka lori lilipoingia.

Nilikwenda kumwomba radhi. Majani ya siku nzima yameharibika kwa usahaulifu wangu, nilikuwa tayari kwa lolote. Alinitazama, midomo yake nayo imekauka kama ya wengine.

"Ondoa kofia yako, Faki," akasema. "Sisi hatuwezi."

Niliiondoa mbele ya watu. Mbwana akauinua mkono wa swichi, korona ikanguruma, na tulikuwa bado hatujatulia adhana ya magharibi ikaingia. Tulifuturu pale pale kiwandani, kwa tende za meneja na uji wa wake za watu. Mzee Mhina akaniuliza jini langu lilikuwa likifanya biashara gani Ngamiani. Nilicheka mpaka uji ukanipalia. Sijacheka hivyo tangu nivuke bahari kuja huku, na nilikuwa sijui kwamba tangu siku ile ya spana nilikuwa sijacheka kabisa.

Basi hiyo ndiyo nusu ya pili. Hakuna aliyenishonea kofia. Na nakuomba usinishonee nyingine, ingawa najua ukishasoma hapa utaanza kutafuta kitambaa. Ningekuletea uzi mwenyewe, siku hizi upo wa kila namna. Lakini hii watu wote wanaijua, ule uzi wa zafarani na lile doa lililokataa sabuni zote za Mombasa. Nyingine itakuwa kofia tu.

Nisalimie mama, umwambie dawa ya magoti nimempa baharia wa Wete, aipake akiwa amekaa mbali na moto. Nisalimie ami yangu mchuma karafuu, na kungwi wako, na mwalimu wa chuo cha Kurani anayemfundisha Rahma, umwambie ile herufi tutaigeuza pole pole. Rahma mbusu. Shaame msalimie sana, tena umpe aisome barua hii kwa sauti mbele ya wale aliowapelekea nusu ya kwanza.

Na siku nyingine ukisikia nimeonekana kichwa wazi, usiulize yuko nani. Ujue kofia yako iko mahali inaningoja, na watu wamekaa nayo, na hakuna atakayeiondoa mpaka nirudi.

Mimi mumeo, mzima,
Faki